Mikono Ikiwa Kazini, Masikio Yasome



Leo sina singo wala hina, ingawa msimu wa harusi umeshaingia na najua akili za wengi wenu zimo huko. Nataka nizungumze na bibi harusi mmoja kati yenu, naye ni yule mwenye daftari. Anajijua. Ndiye aliyekuwa akitunga mashairi tangu yuko skuli, ambaye hadithi zake husomwa kipande kwa kipande kwenye makundi ya WhatsApp na watu wakawa wanadai kipande kinachofuata kama wanadai deni. Ndiye anayeandikia wenziwe maneno ya kadi za harusi, kila mtu akauliza, "Nani kayatunga haya?"

Bibi harusi huyu siku hizi anasikia neno moja kila upande: "Hayo ya kuandika sasa utayaacha, mwenzetu, unaingia nyumba." Linasemwa kwa mapenzi na pengine kwa kicheko, huku mtu anamkunjia khanga. Lakini ndilo neno linalozima kalamu nyingi katika visiwa vyetu. Hakuna anayegombana, wala mume hajakataza kitu. Daftari linabaki kwa mama, mwaka unapita, mtoto anazaliwa, na yule mtungaji anakuwa mtu wa kuhadithia kwamba zamani alikuwa akiandika.

Mimi nasema kalamu haiachwi. Mwanamke anayeandika, akishaolewa, anahitaji skuli inayokwenda na siku yake mpya, na skuli hiyo anayo mkononi: podikasti za waandishi. Ila ina milango mingi, na si kila mlango ni wa kuingia. Tena mwanafunzi wake asipoandika, hata asikilize mwaka mzima, hajasoma kitu.

Kwa nini masikio

Kwa asiyezijua, podikasti ni kipindi cha sauti mfano wa kipindi cha redio, tofauti yake ni kuwa humngoji mtangazaji. Unakipakua kwenye simu, ukakisikiliza saa yako, ukakisimamisha ukiitwa, ukaendelea pale ulipoachia. Jina lenyewe lilianza kuonekana mwaka 2004, katika makala ya Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza. Leo wapo waandishi wakubwa na wadogo wanaotumia njia hii kueleza kazi yao inavyofanyika: hadithi inaanzaje, mhusika anapewaje uhai, kitabu kinarekebishwa mara ngapi, mswada ukikataliwa unafanya nini.

Sasa itazame siku ya mwanamke. Kitabu kinataka macho na mikono, na semina inataka utoke nyumbani, nauli na mtu wa kukushikia mtoto. Lakini kukuna nazi, kupara samaki, kuchambua mchele, kupiga pasi, kusuka ukili, vyote vinataka mikono na macho tu. Masikio yamekaa bure. Mwenzetu anayeshona kofia kwa mkono humaliza wiki kadhaa juu ya kofia moja. Hebu fikiria wiki zile zingekuwa darasa.

Piga hesabu mwenyewe. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa mbili na nusu. Kwa mwaka ni saa 130. Hakuna mume anayeweza kulalamika kuwa zimetoka kwenye haki yake, kwa sababu zimetoka kwenye nazi na pasi.

Kusikia na kuandika ni mambo ya kwetu

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kizungu. Jambo lenyewe, la mwanamke kusikia elimu, kuihifadhi na kuifikisha, ni letu tangu mwanzo wa Uislamu. Bibi Aisha, Allah amridhie, alisikia, akahifadhi, akafundisha, na hadithi zilizopokewa kwake zinapita 2,000. Bibi Hafsa, naye mke wa Mtume, rehma na amani zimshukie, alijua kuandika. Imepokewa katika Sunan Abu Daud kwamba aliyemfundisha ni mwanamke mwenzake, Shifaa bint Abdillah, na Mtume mwenyewe aliitaja elimu ile kwa wema. Basi nyumba tukufu kuliko zote ilikuwa na mke mwenye kalamu. Na nyumba ile ile ya Bibi Hafsa ndiko ilikohifadhiwa sahafu iliyokusanywa zama za Sayyidna Abubakar.

Miaka mingi baadaye, katika karne ya 11, alikuwepo Makka mwanamke akiitwa Karima al-Marwaziyya. Aliisikia Sahihi Bukhari kutoka kwa mwalimu wake, akaisomesha, na wanavyuoni wanaume wakasafiri kwenda kuisikia kwake. Elimu iliingia kwa sikio, ikasahihishwa kwa kalamu, ikatoka tena kwa sauti.

Na hapa pwani yetu, ni bibi harusi gani asiyelijua jina la Mwana Kupona? Utendi wake, aliomtungia binti yake Mwana Hashima mwaka 1858, ndio unaonukuliwa kwenye nasaha za harusi mpaka leo. Tunayakumbuka yale ya kumridhi mume na kutunza nyumba. Tunalosahau ni namna utendi wenyewe unavyoanza: mama yuko katika maradhi, anamwita binti yake akae karibu, na anamtaka aje na wino na karatasi. Kwa hiyo nasaha ya ndoa iliyo maarufu kuliko zote katika Kiswahili imetungwa na mwanamke, na binti aliyeusiwa alitakiwa kusikiliza akiwa na kalamu mkononi. Anayekwambia kalamu na ndoa havikai nyumba moja, mwambie akausome tena mwanzo wa utendi ule.

Unapata nini ukisikiliza

Faida ya kwanza ni kujua kwamba taabu yako si yako peke yako. Ukisikia waandishi wakihojiwa, unagundua kuwa wengi hawakuwa na chumba cha kuandikia wala siku nzima ya utulivu. Toni Morrison wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alikuwa mama anayelea watoto wawili peke yake huku akifanya kazi ya uhariri, na ameeleza katika mahojiano kwamba alizoea kuamka na kuandika kabla hakujapambazuka. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka mwaka 1970. Ninapoyasikia haya huwa nasema: sisi saa ile tumeshaamshwa na adhana ya alfajiri. Wenzetu wanaitafuta kwa saa ya kengele, sisi tumepewa, halafu tunarudi kulala.

Na Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1948? Kitabu chake cha kwanza, Memory of Departure, kilitoka mwaka 1987, akikaribia miaka 40. Nobel aliipata mwaka 2021. Bibi harusi wa miaka 23 anayedhani kwamba asipotoa kitabu kabla ya mtoto wa kwanza basi ndiyo yameisha, naamini hesabu hiyo itampoza moyo.

Faida ya pili ni ufundi, na hapa nitaje vipindi kwa majina, msije mkasema nimekuonjesheni pilau kwa harufu. Vyote hivi ni vya Kiingereza.

Writing Excuses kilianza mwaka 2008. Wanaozungumza ni waandishi wa riwaya, wengi wao wa hadithi za kubuni za ulimwengu mwingine, lakini wanayoyasema juu ya wahusika na mwenendo wa kisa yanamfaa yeyote. Vipindi vyake ni vifupi, vya kumaliza sufuria moja ya mchuzi, na kila kimoja humalizikia kwa kazi ya nyumbani. Msimu wao wa 10, wa mwaka 2015, umepangwa kama kozi ya mwaka mzima, tangu wazo la kwanza mpaka kusahihisha. Ukiwa hujui uanzie wapi, anzia hapo.

World Book Club cha BBC humleta mwandishi mmoja kuzungumzia kitabu chake kimoja, na wasomaji wa nchi mbalimbali wakamuuliza maswali. Kinakufundisha kusoma, na asiyejua kusoma kwa makini hataandika kwa makini.

Katika kipindi cha hadithi cha jarida la The New Yorker, kinachoendeshwa na Deborah Treisman tangu 2007, mwandishi huchagua hadithi fupi ya mwandishi mwingine kutoka hazina ya jarida, akaisoma kwa sauti, kisha wakaichambua pamoja. Huyu ni mgeni wa saa nzima, mwekee siku ya pasi.

Anayeandika kwa Kiingereza atafaidika na Grammar Girl cha Mignon Fogarty, kilichoanza mwaka 2006, kwa mambo ya sarufi yaliyoelezwa kwa ufupi. Na anayetaka kujua kitabu kinachapishwaje na kuuzwaje bila ya kampuni kubwa, kuna The Creative Penn cha Joanna Penn, kipo tangu 2009.

Namna ya kutafuta bila ya kupotea

Ukiandika neno "uandishi" kwa Kiingereza kwenye sehemu ya kutafutia, utaletewa vipindi vingi mpaka ukate tamaa. Tafuta kwa njia mbili nyengine.

Njia ya kwanza, tafuta jina la mwandishi unayempenda. Umempenda Leila Aboulela, yule Msudani aliyeandika Minaret na aliyekuwa wa kwanza kabisa kupata Tuzo ya Caine mwaka 2000? Andika jina lake, usiandike jina la kipindi. Kila kipindi alichowahi kualikwa kitajitokeza, na utamsikia mwanamke Muislamu akieleza anavyoiandika imani ndani ya riwaya bila ya kuigeuza hotuba. Kisha utazame: kati ya wale waliomhoji, nani aliuliza vizuri? Huyo ndiye wa kumfuata.

Njia ya pili, tafuta tatizo lako. Wahusika wako wote wanazungumza sawasawa? Hadithi yako inachelewa kuanza? Liandike tatizo lenyewe. Ni sawa na duka la dawa, humwambii muuzaji akupe dawa tu, unamwambia unaumwa nini.

Kuhusu bando, msiogope sana. Sauti iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama megabaiti 29 kwa saa, na ya kilobiti 128 inakula kama 58. Video ya muda huo huo inaweza kula mamia. Kwa hiyo chagua sauti, pakua ukiwa penye waifai, kisha usikilize bila ya intaneti. Spotify inakuruhusu kupakua podikasti hata kama hulipi, na kwenye simu za Android ipo programu ya bure inayoitwa AntennaPod isiyokuwa na matangazo yake yenyewe. Wenye iPhone wana Apple Podcasts. Mkikuta maelekezo ya zamani yanayokupelekeni Google Podcasts, yaacheni, ilifungwa mwaka 2024.

Na Kiingereza kinachokwenda mbio kisikutishe. Programu zote hizi zina kitufe cha mwendo, punguza kidogo na mzungumzaji atatulia. Apple Podcasts tangu 2024 inaonesha maandishi ya vipindi vingi vya Kiingereza, ukasoma huku unasikia. Ukifanya hivyo miezi mitatu, Kiingereza chako nacho kitakuwa kimesogea bila ya ada.

Chekecheni

Qur'ani, katika Suratuz-Zumar aya ya 18, inawasifu wanaosikiliza maneno kisha wakafuata yaliyo bora yake. Kusikiliza ni hatua ya kwanza tu, kuchagua ndiyo ibada yake.

Yapo ya kuchagua katika lugha. Baadhi ya vipindi hivi vina matusi, na mwenyewe mzungumzaji haoni tabu. Tazameni herufi E pembeni ya jina la kipindi, ni alama ya kuwa mna maneno au mambo yasiyofaa kila sikio. Kipindi kisichokuwa nayo bado kipimeni: sikilizeni dakika 10 za mwanzo na mjiulize mambo matatu. Anayezungumza ameshaandika kitu, au anauza kozi tu? Amesema jambo ninaloweza kulijaribu leo? Na je, ningeweza kulisikiliza hili mama yangu akiwa ameketi hapa? Likikosa mawili kati ya matatu, futa. Asiyetaka muziki wa mwanzoni, kitufe cha kuruka mbele kipo.

Yapo pia ya kuchagua katika nasaha, na hapa ndipo ninapotaka tuwe macho zaidi. Vipindi vingi vya Magharibi, hasa vinavyohusu kuandika maisha yako mwenyewe, vinamhimiza mwandishi aseme kila kitu: ugomvi wa wazazi, aibu ya ndugu, ya chumbani. Wanaita ujasiri. Sisi tuna neno jengine, sitara, na tuna neno amana. Siri ya mume na mke imekemewa vikali kutolewa nje, katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih Muslim. Bibi harusi asije akaingia nyumba ya watu akamfanya wifi yake kuwa mhusika, jina likabadilishwa herufi moja, mtaa mzima ukamjua. Hiyo ni ghiba iliyopigwa chapa.

Lakini sitara si ruhusa ya kunyamazia dhulma. Mwanamke anayepigwa haambiwi asitiri, anaambiwa atafute msaada, kwa wazee, kwa kadhi, kwa vyombo vya sheria. Na mwandishi anayetaka kuisema dhulma ya namna hiyo ana njia iliyofunguliwa na waandishi wetu wenyewe, nayo ni kubuni. Zainab Alwi Baharoon ameandika riwaya ya Mungu Hakopeshwi, juu ya dhulma ndani ya familia, ikapata Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Riwaya inaweza kusema kweli yote bila ya kumvua mtu nguo.

La tatu la kuchagua ni ufundi wenyewe. Podikasti ya Kiingereza haiwezi kukufundisha vina na mizani. Haijui kwamba mshororo wa utenzi una mizani 8, wala kwamba ule wa shairi la kawaida una 16, ukagawika 8 kwa 8. Haijui methali inavyopenyezwa kwenye mazungumzo ya watu wazima, wala jina la khanga linavyobeba ugomvi mzima kwa maneno matano. Hayo yako kwa bibi yako na kwa somo wako. Kaa naye, mwombe ruhusa, rekodi kwa simu, sikiliza tena usiku. Hiyo nayo ni podikasti, na ina msikilizaji mmoja tu duniani mpaka utakapoiandika.

Kusikiliza si kuandika

Sasa niseme lile ambalo wapenzi wa podikasti hawapendi kulisikia. Kusikiliza watu wakizungumzia uandishi kunakupa raha ile ile ya kuandika bila ya taabu yake. Mtu anamaliza vipindi 40, anayajua majina ya wahariri wa New York, anajua kitabu kinavunjwa sehemu ngapi, na ukurasa wake ni mweupe. Ni kama bibi harusi anayetazama video za mapishi mwezi mzima, siku ya siku anaulizwa chumvi iko wapi.

Kwa hiyo naweka kanuni, na anayeiona kali ajaribu wiki mbili kabla ya kuihukumu: kipindi kimoja, ukurasa mmoja. Ukishasikiliza kimoja, hupakui chengine mpaka umeandika ukurasa mmoja wa kazi yako mwenyewe. Siyo muhtasari wa uliyoyasikia, ni kazi yako. Ukurasa ukiwa mbaya, sawa, mbaya unarekebishika. Mweupe haurekebishiki.

Na kanuni nyengine: masikio yasijazwe siku nzima. Yana haki zao. Qur'ani ina fungu lake la mwanzo. Adhana ikiingia, simamisha, itikia. Mume akiongea na wewe, toa vile vya masikioni, vyote viwili, si kimoja. Mtoto akihadithia alivyoanguka chuoni, hiyo ndiyo podikasti ya saa ile. Na kipo kimya, ambacho ndicho kinachozaa sentensi. Hadithi nyingi huja mtu anapofagia ua bila ya sauti yoyote masikioni. Ukikijaza kila kipande cha siku kwa maneno ya watu, maneno yako yatapita wapi?

Liseme kabla ya akdi

Bibi harusi wangu, tunazungumza mambo mengi na mchumba na wazee kabla ya akdi: mahari, nyumba, kazi, masomo. La kuandika halitajwi kwa sababu linaonekana dogo. Litaje. Mwambie, kwa adabu na mapema, mbele ya wazee au kupitia kwao: "Mimi ni mtu wa kuandika. Nahitaji nusu saa baada ya alfajiri." Ukisema hivyo hujadai kitu kikubwa, na umemwonesha nani anayemuoa. Mume mwema akijua mapema atakulindia nusu saa ile. Asiyeambiwa ataiona ni jambo geni lililozuka baada ya harusi, na huwezi kumlaumu.

Na wenye wasiwasi kwamba mke mwenye kalamu ataitupa nyumba, niwaulize: ule muda wa vichekesho vya simu na umbea wa makundi, mbona hakuna anayeuogopa? Mke anayesikiliza namna ya kumjenga mhusika anajifunza kumtazama binadamu na kumwelewa kabla ya kumhukumu. Hilo litamfaa kwa mume, kwa mama mkwe, na kwa wifi yule ambaye hatomwandika.

Watatu wanatosha

Mwisho nina pendekezo. Tafuta wenzako wawili wanaoandika. Kila wiki chagueni kipindi kimoja, kila mtu akisikilize jikoni kwake, kisha tumianeni ukurasa mmoja mmoja na mwambiane ukweli kwa upole. Ujumbe wa sauti unatosha, ndani ya kundi lenu wenyewe. Najua wapo wanaochukia sauti ya mwanamke kurushwa hadharani, na wapo wanavyuoni wanaoliona jambo hilo kwa upana zaidi. Kundi la wanawake watatu halina haja ya kuingia kwenye mjadala huo.

Likidumu, huenda mmoja wenu siku moja akaanzisha kipindi cha waandishi kwa Kiswahili chetu, chenye kuzungumzia mizani, majina ya khanga na nasaha za masomo, na chenye kusikika bila ya kumwomba mama atoke chumbani. Tunakihitaji sana. Kila nilichokitaja hapo juu kimetungwa kwa ajili ya watu wa mbali, sisi tunasikilizia dirishani.

Mpaka kitakapopatikana, anza na ulichonacho. Katika begi lako la harusi, baina ya udi na khanga mpya, tia daftari na kalamu mbili. Sura ya 68 ya Qur'ani inaitwa Al-Qalam, na inaanza kwa kuapiwa kalamu na yanayoandikwa nayo. Kitu alichokiapia Mola wako hakina aibu kuingia nacho nyumba ya mume.

Allah akupeni ndoa zenye utulivu, masikio yenye kuchagua na mikono isiyochoka kuandika yenye kheri. Aamiin.